Pikapu ya 4x4 inatetemeka: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Chini ya pikapu ya 4x4 kuna vitu vingi vinavyozunguka: propela ya mbele na ya nyuma (mabomba yanayopeleka nguvu kwenye difu), transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma), difu mbili (zinazopokea nguvu ya propela na kuipeleka kwenye ekseli), ekseli, na krosi nne au zaidi (viungo vinavyoruhusu propela kujikunja). Mtetemo ukianza, gereji nyingi za Arusha na Moshi hukimbilia krosi, kwa kuwa ni spea rahisi kupata na kazi yake haichukui siku nzima. Kuna siku wanapatia. Siku nyingine mwenye gari hulipia krosi, baadaye senta beringi (inayoshikilia katikati ya propela ndefu), wiki ijayo matairi mawili, na gari linatetemeka vilevile.

Kabla ya kushika spana, jibu swali moja: mtetemo unafuata nini? Unaweza kufuata kasi ya gari, mizunguko ya injini, au namna mguu unavyokanyaga mafuta. Kila jibu linakupeleka sehemu tofauti ya gari, na yote matatu hupatikana barabarani bila kufungua nati hata moja.

Maji na upepo kwanza

Gari lililotoka Simanjiro au mashamba ya chini ya Moshi wakati wa masika hurudi na udongo wa mbuga umeganda ndani ya rimu. Udongo huo ukikauka upande mmoja unatosha kulitikisa gari zima, maana mashine ya balansi hushughulika na vipande vya risasi vya gramu 5 na 10, wakati bonge la tope huwa na uzito mara nyingi ya huo. Lala chini uoshe ndani ya rimu zote nne. Osha na propela yenyewe pia: tope lililoganda kwenye bomba lake ni mzigo usio na balansi, na bila kuosha huwezi kuona kama bomba limebonyea.

Kisha jaza upepo sawa kwa kila ekseli, kaza nati za magurudumu, na papasa kila tairi kwa kiganja kutafuta uvimbe au sehemu iliyolika kipekee. Rimu iliyopinda kwa shimo huonekana ukinyanyua gurudumu na kulizungusha huku umeshikilia kijiti karibu na ukingo wake. Kama kuna shaka, hamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, tatizo ni tairi au rimu, na safari ya uchunguzi imeishia hapo.

Kipimo cha barabarani

Tafuta lami nyoofu na tambarare. Barabara ya Kisongo kuelekea Makuyuni inafaa, na ya KIA kuelekea Bomang'ombe pia, asubuhi kabla malori hayajajaa. Kipande cha Tengeru hadi Usa River hakifai: vibao vya 50, matuta na watu wanaovuka havikupi nafasi ya kushikilia mwendo mmoja hata kwa nusu dakika. Endesha kilomita 10 hivi kwanza ili matairi yapate joto, kwa sababu tairi lililolala usiku kucha hubonyea kidogo pale lilipogusa chini na hutoa mtetemo wa uongo. Nenda na mtu wa kuandika. Dereva anayeendesha na kuandika kwa wakati mmoja ni hatari kuliko krosi mbovu.

Panda mwendo taratibu kutoka 40 hadi 100, na mwandishi aandike mtetemo unaanza wapi, unazidi wapi na unaisha wapi. Tuseme unazidi kwenye 80. Shikilia 80 hapohapo kwa gia ya 5, kisha rudisha gia ya 4 bila kubadilisha mwendo. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini propela na matairi yako palepale. Mtetemo ukibaki vilevile, chanzo kiko baada ya giaboksi: transfa, propela, difu, ekseli au matairi. Ukibadilika kufuata mshale wa RPM, achana na propela. Angalia mauntingi za injini na giaboksi (mipira inayozishikilia), klachi na injini yenyewe.

Halafu panda hadi 90, kanyaga klachi, weka nyutro, uache gari litembee lenyewe likipita 80 na kushuka. Usizime injini katika kipimo hiki: breki na usukani vitakuwa vizito ghafla. Mtetemo ukiendelea kama mwanzo wakati injini haisukumi kitu, tafuta kitu kisicho na balansi au kilichopinda. Ukipotea, tatizo linatokea pale nguvu inapopita, yaani pembe za propela, krosi iliyolegea, au springi zinazoruhusu ekseli ya nyuma kujikunja.

Ukanyagaji wa mafuta nao una siri zake. Kutetemeka wakati wa kuondoka, kati ya 10 na 40, hasa gari likiwa na ndizi za kwenda soko la Kilombero au mchanga wa ujenzi, ni dalili ya senta beringi, pembe za propela au yu-bolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea. Kutetemeka au kuvuma pale tu unapoachia mafuta kwenye mteremko huelekeza kwenye beringi za pinioni ya difu, yaani gia ndogo inayoingiza nguvu ya propela kwenye difu. Mtetemo usiojali mguu, ambao unafuata mwendo tu, kwa kawaida ni balansi.

Kwa gari lenye habu za kufunga kwa mkono (zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli), kama Land Cruiser 79, kuna kipimo kingine cha bure. Tembea kwa H2 (magurudumu ya nyuma pekee yakivuta) habu zikiwa FREE. Propela ya mbele imesimama. Simama, zungusha habu zote mbili kwenda LOCK, baki kwenye H2, rudia mwendo uleule. Sasa propela ya mbele, difu ya mbele na ekseli zake vinazunguka ingawa havivuti. Mtetemo ukitokea kwenye LOCK pekee, umeshapata upande. Usifanye vipimo hivi kwa H4 (magurudumu yote yakivuta) kwenye lami kavu: pikapu isiyo na difu ya kati (inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti) hujikaza, usukani huwa mgumu na gari hurukaruka kwenye kona. Hiyo si hitilafu, ndivyo mfumo ulivyo, ila inaumiza krosi na gia za transfa.

Hesabu fupi inayookoa pesa

Tairi la pikapu nyingi, kwa mfano 265/65R17, huenda takriban mita 2.4 kwa mzunguko mmoja. Kwenye 80 gari linakwenda mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka mara 9 na kidogo kila sekunde. Difu ikiwa ya 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa tairi, propela inazunguka mara 38. Krosi mbovu au yenye pembe mbaya hutoa mapigo mawili kila mzunguko wa propela, yaani 76.

Tofauti hizo mwili unazijua. Mara 9 kwa sekunde ni mtikisiko unaoweza kuuona kwa macho: usukani unacheza, maji kwenye chupa yanaruka. Mara 38 huwezi kuhesabu. Sakafu na kiti vinatetemeka harakaharaka, picha kwenye kioo cha pembeni inafifia. Mara 76 ni mvumo zaidi kuliko mtikisiko, unasikika masikioni na kuyabana. Mtu anayesema usukani unacheza polepole kwenye 80 hana haja ya kuambiwa anunue krosi.

Kama hujui uwiano wa difu yako, na difu haina loki: zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, weka transfa kwenye N, nyanyua tairi moja la nyuma, lizungushe mara mbili kamili huku mtu anahesabu propela. Ikizunguka mara nne na sehemu ndogo, ni 4.1 au karibu na hapo. Na kwenye giaboksi nyingi za gia 5, gia ya 4 ni moja kwa moja, kwa hiyo ukiwa H2 mshale wa RPM unakuonyesha kasi ya propela yenyewe. Kwa mfano huu, 80 kwa gia ya 4 ni kama 2,280.

Chini ya gari: propela

Gari likae kwenye stendi imara pande zote mbili. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Magurudumu yaliyobaki chini yawekewe mawe.

Shika propela kwa mkono mmoja na flenji (sahani ya bolti inayoiunganisha) kwa mwingine, zungusha kinyume. Flenji na propela vinatakiwa vitembee pamoja. Mchezo (ulegevu) wowote unaoonekana kwa macho kwenye krosi unatosha kuihukumu. Kiwango cha Toyota kwa mchezo wa kikombe cha krosi ni chini ya milimita 0.05, kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona. Angalia pia midomo ya vikombe. Vumbi la barabarani hupaka kila mahali, lakini unga wa kutu uliokaa kuzunguka kikombe kimoja tu maana yake sindano za ndani (vyuma vyembamba vya beringi yake) zimekauka. Krosi inaweza kuwa haina mchezo kabisa na bado ikawa mbovu: propela ikiwa imefunguliwa, ikunje pande zote mbili polepole, na kama kuna sehemu ya katikati inayokamata halafu inaachia, sindano zimechimba mitaro.

Ukipiga girisi, endelea hadi girisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, hicho ndicho kitakachokufa. Splaini za kuteleza (meno yanayoruhusu propela kurefuka na kufupika) ni kinyume chake: pampu chache tu, na unaacha mara propela inapoanza kujirefusha. Ukiijaza, girisi haina pa kwenda springi zinapobonyea, na mkandamizo unahamia kwenye beringi za transfa.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi za krosi. Masikio ya uma wa mbele na wa nyuma wa kipande kimoja cha propela kwa kawaida yanatakiwa yalale kwenye mstari mmoja. Fundi akichomoa splaini kubadilisha krosi na kuirudisha ikiwa imeruka meno, propela inaongeza na kupunguza kasi mara mbili kila mzunguko bila upande wa pili kuisawazisha. Krosi ni mpya, orijino, na gari linatetemeka kuliko lilipokuja. Kabla ya kufungua chochote, piga alama ya rangi nyeupe kwenye flenji na mwenzake, na kwenye splaini pande zote mbili. Zipo propela chache ambazo kiwanda chenyewe kimezipishanisha kwa makusudi, kwa hiyo alama za mwanzo ndizo zinazoamua, si macho ya fundi.

Makosa mengine ya kubadilisha krosi: sindano moja kuanguka chini ya kikombe kinapogongwa kwa nyundo, klipu kutoingia vizuri kwenye mfereji wake, na klipu za unene tofauti kwa pande mbili, zinazosogeza propela nje ya katikati. Pima kipenyo cha kikombe kwa venia dukani kabla ya kulipa. Nyundo tumia kidogo. Vaisi nzuri inasukuma vikombe kwa unyoofu.

Senta beringi, kwa pikapu ndefu kama Hilux zenye propela ya nyuma ya vipande viwili, haihitaji kelele ili iwe mbovu. Sukuma propela juu kwa mkono: mpira ukiwa umepasuka, propela inaelea. Wakati wa kufunga mpya, usikaze bolti za kishikio kabla gari halijakaa kwa uzito wake, na rudisha shimu (vibati vyembamba vya kusawazisha) zote zilizokuwepo.

Mwisho wa ukaguzi huu, angalia bomba. Mbonyeo wa jiwe, au sehemu ndogo ya mraba iliyobaki safi pale kibati cha balansi kilipobanduka, ni jibu tosha. Ukiwa na dayo geji (saa ya kupimia kupinda kidogo), zungusha propela na pima katikati ya bomba, 0.8 mm ndio mwisho wa kuvumilika. Bila dayo geji, funga waya mgumu kwenye chesisi ukaribie bomba bila kuligusa, zungusha kwa mkono, na tazama kama mwanya unabadilika.

Kuiondoa ili kuithibitisha

Ukibaki na shaka kati ya mbele na nyuma, toa propela moja. Kwa Toyota nyingi ni spana ya 14 na nati nne kila flenji. Ukitoa ya nyuma, gari linakwenda kwa H4 likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na hapo lami haina madhara kwa kuwa hakuna cha kujikaza nacho. Gari lenye difu ya kati lazima ufunge loki ya difu hiyo, la sivyo halitaondoka. Endesha bila mzigo, bila kukanyaga kwa nguvu, hadi mwendo ule uliouandika. Mtetemo ukiisha, propela uliyoitoa au kitu inachokizungusha ndicho chanzo.

Tahadhari mbili. Propela inayoingia ndani ya transfa kwa splaini badala ya flenji itamwaga oili ukiitoa. Na kwa Land Rover Defender hendibreki iko kwenye transfa, hivyo bila propela ya nyuma haishiki magurudumu ya nyuma; kwenye miteremko ya Marangu au Machame hilo si jambo dogo. Weka mawe kila unaposimama.

Pembe

Hapa ndipo pikapu za kubeba mizigo huumia, kwa sababu ya mtindo wa kuongeza majani ya springi. Nyuma inanyanyuka, pembe za propela zinaongezeka, na gari tupu linatetemeka wakati likiwa na tani moja linatulia. Mwenye gari hufurahia kuwa limepona, kumbe mzigo ndio umerudisha pembe mahali pake.

Tumia kipima pembe cha sumaku, au simu yenye programu ya pimamaji ukiwa na ukingo ulionyooka. Gari likae sakafu tambarare kwa uzito wake. Pima mwinamo wa flenji ya transfa, wa bomba la propela, na wa flenji ya pinioni. Tofauti kati ya transfa na propela ndiyo pembe ya krosi ya mbele. Tofauti kati ya propela na pinioni ndiyo ya krosi ya nyuma. Pembe hizo mbili zisipishane zaidi ya digrii 1, na kila moja ikae karibu na digrii 3 au chini, bila kufika sifuri, maana krosi isiyojikunja kabisa huchimba mitaro kwa sindano zake. Mfano: transfa 3, propela 6, pinioni 3, pembe ni 3 na 3, safi. Pinioni ikisoma 5.5, ya nyuma imebaki nusu digrii, na mapigo ya krosi ya mbele hayana wa kuyafuta.

Dawa ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, zilizokatwa kwa pembe inayohitajika, au kupunguza jani lililoongezwa. Kabla ya hapo angalia yu-bolti na senta bolti. Senta bolti ikikatika, ekseli husogea mbele au nyuma na kila kipimo ulichochukua ni bure. Yu-bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Balansi ya klipu mbili

Kama bomba limenyooka, krosi ni nzima na pembe ziko sawa, balansi inaweza kurekebishwa kwa klipu za hozipaipu. Gawa bomba sehemu nne kwa chaki karibu na upande wa difu, uandike 1 hadi 4. Funga klipu moja, skrubu yake ikiwa kwenye 1, endesha. Hamisha 2, endesha. Hivyohivyo hadi 4. Acha pale palipokuwa na nafuu. Funga klipu ya pili, skrubu zikae pamoja. Mtetemo ukizidi, zitenganishe kidogo kidogo kushoto na kulia kwa kiasi sawa hadi upate utulivu. Mtu asikae chini ya gari propela ikizunguka, na klipu zikazwe kweli. Baadaye fundi wa kuchomelea anaweza kuweka kibati cha uzito uleule mahali pale.

Difu, beringi na mauntingi

Fungua bolti ya kumwagia oili ya difu. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi kupitia kipumulio kilichoziba wakati wa kuvuka korongo. Shika flenji ya pinioni uitikise juu na chini: haitakiwi kucheza. Usikubali fundi akaze tu nati ya pinioni "kuondoa mchezo". Difu nyingi zina spesa inayobonyea ndani, na kukaza kiholela hubana beringi mpaka ziungue.

Beringi za magurudumu: nyanyua, shika juu na chini, tikisa. Mauntingi: mtu aachie klachi kidogo huku breki imekanyagwa, wewe ukitazama injini inavyoinuka. Na Land Cruiser ya ekseli ngumu ambayo hukumbwa na mtikisiko mkali wa usukani baada ya kugonga shimo, kisha hutulia ukipunguza mwendo, itazamwe beringi za nako (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele) na mipira ya usukani. Propela haihusiki.

Magari yaliyorefushwa

Arusha kuna Land Cruiser nyingi zilizokatwa chesisi na kurefushwa kwa kazi ya safari, na baadhi hurudi kuwa pikapu. Propela hurefushwa nazo. Kila bomba lina kasi ambayo likiifikia huanza kujikunja katikati kama kamba ya kuruka, na kasi hiyo hushuka haraka urefu ukiongezeka: kutoka mita 1.3 hadi 1.6 inapungua kwa takriban theluthi moja. Dalili yake ni mtetemo usiokuwepo kabisa hadi mwendo fulani, kisha unalipuka na kuzidi bila kutulia tena mbele yake. Klipu hazisaidii, krosi mpya haisaidii. Peleka kwa mkerezaji mwenye mashine ndefu, aweke bomba la kipenyo kikubwa zaidi au aigawe propela vipande viwili na senta beringi katikati. Hadi kazi hiyo ifanyike, gari libaki chini ya mwendo huo.